Wahusika wangapi kwa mchezaji mmoja?

Ndugu, umeuliza kama mchezo wa mtandaoni mnaoutengeneza umruhusu mtu mmoja kuwa na wahusika wengi, yaani watu wa ndani ya mchezo anaowaendesha. Ruhusu, ila linda soko la ndani ya mchezo. Star Wars Galaxies, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, ilipotoka mwaka 2003 ilitoa mhusika mmoja tu kwa kila seva (nakala moja ya ulimwengu wa mchezo), maana mafundi na wapiganaji walitakiwa kutegemeana. Ukiwa fundi na mteja wewe mwenyewe, utamtafuta nani? Wenye hela wakafungua akaunti ya pili, wakalipa mara mbili. EVE Online, mchezo mwingine wa aina hiyo, inatoa wahusika watatu kwa akaunti, lakini kwa kawaida mmoja tu ndiye anayejifunza ujuzi kwa wakati mmoja. Mimi ningeanzia hapo. Na wahusika wa mtu mmoja wasipige kura mbili kwenye kundi moja la wachezaji, mtagombana bure.