Re: Nauza keki mtandaoni, mteja kanifuata hadi nyumbani

Dada, pole sana. Kupigiwa simu usiku wa manane ni kero, lakini mtu kufika getini Tabata bila kualikwa ni hatari. Nami yalinikuta nikiuza vitenge.

Sajili laini nyingine, iwe ya biashara tu, uiwekee WhatsApp Business na PIN ya tarakimu 6 ya kuilinda akaunti. Malipo yapokee kwa Lipa Namba, ile namba ya malipo ya biashara. Ukitumiwa kwenye namba ya kawaida, mteja anaona jina lako kamili. Keki apeleke bodaboda unayemwamini.

Halafu picha za watoto wakiwa na sare za shule, ziondoe leo, hata za zamani. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Huyo akirudi au akikutisha, usibishane naye. Hifadhi meseji zake, nenda polisi.