Sababu ya mrushaji wa polepole kupewa ova ya mwisho

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini nahodha wetu, katika mechi ya kriketi ya Jumamosi jioni hapa Mwanza, alimpumzisha mrushaji wa kasi na kumkabidhi mrushaji wa polepole ova ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kurusha mipira sita, ilhali wapinzani walihitaji mbio (pointi) 7 kwa mipira 6. Kulikuwa na suala la mwanga, kwani jua lilikwisha kushuka nyuma ya mawe ya kilimani, na waamuzi wana mamlaka ya kusimamisha mchezo wakiona giza limekuwa la hatari kwa wachezaji; mpira wa polepole hupunguza hatari hiyo.

Lakini sababu nzito, kwa maoni yangu, ni kwamba mpira wa polepole humlazimisha mpigaji atumie nguvu zake mwenyewe, na humruhusu mlinda wiketi, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, asogee karibu kabisa na wiketi, yaani vile vijiti vitatu. Mimi ndiye niliyekuwa mlinda wiketi. Mpira wa tano ulidunda, ukageuka upana wa kiganja, ukalikosa gongo. Mpigaji alikuwa ametoka kwenye mstari wake, nami nikaangusha wiketi kabla hajarudisha mguu, akatolewa. Tulishinda kwa mbio 1, na nahodha alistahili pongezi zote.