Ligeuze Kwanza, Ulisifu Baadaye

Wewe uliyeanza juzi kushughulika na vyombo vya kale vya fedha, nakuomba jambo moja: ukikabidhiwa birika la chai lililojaa maua, makombe ya baharini na majani yaliyojisokota, usilisifu bado. Mimi nililisifu la kwanza nusu saa nzima, nikaandika daftarini "kazi safi ya karne ya 18". Mkuu wetu wa karakana akaligeuza, akacheka. Birika lilikuwa la karne ya 18 kweli. Maua yalikuwa ya karne iliyofuata.

Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria ilipenda mapambo, na wenye mabirika ya kale yasiyo na mapambo waliyapeleka kwa mafundi yakatiwe nakshi. Kilichonisuta mimi ni mihuri, zile alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha, mojawapo ikiwa simba. Hupigwa chombo kikiwa kipya, kwa hiyo ukiona petali imepita juu ya mgongo wa simba, petali ndiyo iliyokuja baadaye. Simba huyo anayetembea anasema fedha ni sehemu 925 kwa 1000. Nanga ni alama ya mji wa Birmingham ulikopimiwa, kichwa cha chui ni London, na kuna herufi ya mwaka na za fundi. Lakini ukimkosa simba usikimbilie kusema ni bandia: kati ya 1697 na 1720 sheria ilidai kiwango cha juu zaidi, 958, na muhuri wake ni mwanamke aliyeketi.

Kisha ingiza kidole ndani. Nakshi iliyofuliwa kwa nyundo husukuma fedha, basi kila ua la nje lina shimo lake ndani. Nakshi iliyochorwa kwa ncha kali hukata fedha na kuiondoa. Ndani utakuta laini. Mahali palipokuwa na nembo ya ukoo ikafutwa, bati huwa jembamba, na ukilibonyeza kidogo kwa kidole gumba linabonyea. Lipulizie pumzi ya kinywa, kama unavyofanya kwa miwani: kabla ukungu haujakauka, mistari ya lehemu na viraka hujitokeza. Hapo ndipo nilipoipendea kazi hii.

Mkono nao uangalie. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha, ndiyo maana mikono mingi ni ya mbao nyeusi. Ikiwa ni ya fedha, tafuta vipande viwili vyembamba vya pembe ya ndovu vinavyozuia joto. Wekundu wa shaba ukichungulia kingoni, hilo ni bati la shaba lililopakwa fedha tu.

Kuhusu kusafisha, punguza hamu. Kila ukisugua unaondoa fedha kidogo, na mihuri ndiyo hufutika mapema. Weusi ulioko kwenye mashimo ya nakshi uache, maana ndio unaofanya ua lionekane limeinuka. Usililoweke birika lenye mkono wa mbao. Na mpira usiusogeze karibu, una salfa. Niliwahi kufunga kifuniko kwa mpira wa kufungia karatasi ili kisicheze wakati wa kulihamisha, nikausahau kwa wiki kadhaa. Mstari mweusi niliufuta, lakini mkwaruzo wake umeingia ndani ya fedha. Wageni hawauoni, mimi nauona kila taa ikiwashwa.