Wenzi wa kundi na mapenzi ndani ya RPG: jibu kwa vijana wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu, umeuliza kama RPG yenu (mchezo wa kompyuta wa kuigiza uhusika), mnayotengeneza kwa programu ya RPG Maker MV, iwe na wenzi, yaani wahusika wanaosafiri na shujaa, wenye tabia na historia zao, pamoja na mapenzi, au mchezaji ajiundie kundi lote mwenyewe. Wekeni wenzi. Lakini wawe watatu, na mapenzi yawe kwa mmoja, wakizidi sana wawili.

Watatu kwa sababu MV yenyewe inaingiza watu wanne tu vitani: shujaa na hao watatu, hakuna anayebaki kambini akiota kutu. Halafu kuna hesabu. Wenzi watatu wana jozi 3 za kupiga soga kati yao, sita wana jozi 15, wanane wana 28. Kila jozi ukiiandikia mazungumzo matano, watatu wanakudai 15, wanane 140. Na hapo hujagusa neno moja la mapenzi.

Sasa hasara. Mwenzi mwenye tabia anakula uhuru wa mchezaji. Icewind Dale ya mwaka 2000 ilikuacha uunde watu wote sita: vita unapanga utakavyo, ila safari nzima kundi ni bubu. Baldur's Gate II ya mwaka huohuo iliwapa midomo na misimamo. Keldorn na Viconia, wenzi wawili wa mchezo huo, ukikaa nao muda mrefu wanafikia kuuana, na mpango wako wa vita umekwenda. Ubaya mkubwa zaidi unatokea mtu anapobeba kazi ambayo wengine hawana. Katika Dragon Age: Origins (2009) wenzi wanaojua uchawi ni Morrigan na Wynne peke yao. Mchezaji asiyewapenda wote wawili anawavumilia kwa sababu ya dawa, yaani uchawi wa kuponya, na urafiki wa namna hiyo ni wa hospitali. Baldur's Gate 3 (2023) ilitibu jambo hili vizuri: mhusika aitwaye Withers kambini anabadilisha kazi ya mtu kwa dhahabu 100, au anakupa mamluki asiye na historia kwa bei hiyohiyo. Ninyi fanyeni kidogo tu: dawa na kufungua makufuli viweze kujifunzwa na angalau watu wawili.

Kwenye pointi za urafiki ndipo wengi wanaharibu. Origins ilitumia kipimo cha -100 hadi 100, lakini zawadi zilikuwa na nguvu kupita kiasi: unamkera mtu mchana, usiku unamjazia vitu mikononi, amesahau. Kwa hiyo kila mwenzi mpeni vigeu viwili (namba ambazo mchezo unazitunza), kimoja cha matendo na kimoja cha zawadi, na cha zawadi kisipite 20. Mlango wa mapenzi, yaani pointi zinazotakiwa ili yaanze, usome cha matendo peke yake. Mlango wenyewe usiwe chini sana. Baldur's Gate 3 ilipotoka, viwango viliwekwa chini, wenzi wakawa wanamvamia mchezaji kwa mapenzi kabla hata hajajua majina yao sawasawa. Watengenezaji walikiri na kurekebisha. Kama tendo kubwa ni pointi 10 na dogo ni 3, anzeni na 40, halafu mjaribu.

Dragon Age II (2011) ina wazo ambalo watu wanalidharau: upande mmoja wa kipimo ni urafiki, wa pili ni ushindani, na pande zote mbili zinaweza kufika kwenye mapenzi. Maana yake mchezaji hajikombi. Anaweza kubishana na mtu mchezo mzima na bado wakapendana, na hayo ndiyo mapenzi yenye chumvi.

Kuna mambo ambayo hayastahili pointi kabisa. Tuseme mmoja wa wenzi ni mchimbaji aliyetoka Kolwezi, na mchezaji anauza shimo la wachimbaji kwa mnunuzi. Msimkate pointi 5. Aondoke, kwa swichi (alama ya ndiyo au hapana ndani ya MV), bila kurudi. Boone wa Fallout: New Vegas (2010) hakai na mtu anayejiunga na Legion, jeshi analolichukia, hana mapenzi ya kumpa mchezaji, na bado watu wanamkumbuka kuliko wapenzi wengi wa michezo mingine.

Msifungie mazungumzo ya mapenzi kwenye saa. Baldur's Gate II ilifanya hivyo: muda ukitimia, mtu anakufungulia moyo hata katikati ya pango lenye maadui. Wala msiyaweke yote kwenye kulala, maana mchezaji bahili wa chakula (Baldur's Gate 3, kwa ugumu wa kawaida, inadai akiba 40 za chakula kwa usiku mmoja wa mapumziko kamili) analala mara chache na anakosa nusu ya hadithi. Fungeni kila tukio kwenye misheni iliyokwisha, kisha mchezaji akiingia kambini lichezwe la zamani kuliko yote ambalo bado halijachezwa.

Na mapenzi yaandikeni kama ya kwetu. Kubofya moyo mwekundu mara tatu upate busu ni mambo ya kuiga. L'shi (Lubumbashi) mtu atauliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. Kuna shangazi mwenye maneno, kuna mjomba anayetaka kukuona kabla ya mahari kutajwa. Huyo mjomba tayari ni misheni nzima, tena ya bure.

Kitu cha mwisho ni cha ufundi. MV haihifadhi mchezo yenyewe kama toleo lililofuata, MZ, na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haibishi hodi, kwa hiyo wekeni amri ya kufungua ukurasa wa kuhifadhi kabla ya kila tukio la kambi. Kisha chezeni mara tatu: kama mtu mwema, kama mkorofi, na kama mtu asiyemsemesha yeyote. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika, na kwake wenzi huwa wanafika mwisho wa mchezo wakimlilia mtu ambaye hawajawahi kuongea naye.