Mtoto na sala: maswali ya wazazi wa Kusini

*Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu. Mama mkwe ananiambia nianze kumfundisha kusali, mimi naona hata kuongea bado. Nianze lini? (Mama, Masasi)*

Mama mkwe yuko sahihi, ila kufundisha kwa umri huo si kukaririsha. Mtoto huyo anajifunza kwa mwili. Anaona mkeka umetandikwa, watu wamenawa, wote wananyamaza, halafu ndipo chakula kinaliwa. Chukua viganja vyake viwili ndani ya vyako, sema sentensi moja, ileile kila siku: "Asante Yesu kwa chakula." Kisha mwachie yeye neno la mwisho, "Amina." Atalisema siku atakayoweza, na litakuwa lake kabla ya maneno mengine yote ya sala.

Muda ndio unaowashinda wengi. Chini ya miaka mitatu, nusu dakika inatosha. Wa miaka minne na mitano avumilie dakika 2 au 3, na wa shule ya msingi dakika 5. Baba akisali robo saa huku wali unapoa, mtoto haoni ibada pale, anaona ukuta uliojengwa kati yake na sahani. Sala ndefu ya wakubwa isubiri watoto walale.

*Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu wa miaka minne anapofanya ishara ya msalaba anaanzia bega la kulia. Namsahihisha, kesho anarudia. Ana tatizo gani? (Baba, Ndanda)*

Milele, amina. Hana tatizo lolote. Tatizo ni mahali unapokaa wewe. Ukikaa mkitazamana, bega lako la kushoto liko upande wa mkono wake wa kulia, naye anakuiga kama anayejiangalia kwenye kioo. Kadiri unavyomwonyesha kwa bidii, ndivyo anavyozidi kukosea kwa uaminifu.

Simama nyuma yake, mkiangalia upande mmoja. Shika mkono wake wa kulia (mwambie ni ule wa kulia chakula) na uupeleke taratibu: kwenye paji la uso, "Kwa jina la Baba", kifuani, "na la Mwana", bega la kushoto, "na la Roho", bega la kulia, "Mtakatifu", kisha viganja vikutane, "Amina." Fanya hivyo kwa wiki mbili bila kumkaripia, mkono utazoea wenyewe. Na akikosea usimtishe kwamba ni dhambi, kwani Wakristo Waorthodoksi huanzia bega la kulia tangu zamani.

Angalia pia mwendo wako. Watoto wengi wanapunga mkono usoni kama wanaofukuza nzi kwa sababu ndivyo wanavyowaona wakubwa wakifanya mlangoni mwa kanisa.

*Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mwanglikana. Mtoto wetu wa miaka sita anaijua Baba Yetu yote lakini anaisema kama kasuku, na sasa ameanza kuchanganya maneno ya kwangu na ya baba yake. Tufanyeje? (Mama, Newala)*

Kuchanganya ni jambo dogo. Chagueni moja, ile ya kanisa analokwenda mara nyingi Jumapili, aishike kwa miezi kadhaa, halafu nyingine aijue kama wimbo wa pili. Mwambieni bila kuficha kwamba hata Biblia yenyewe ina Baba Yetu mbili, ndefu katika Mathayo 6:9-13 na fupi katika Luka 11:2-4.

La kasuku ndilo linalotaka kazi. Sala hii ina mwito mmoja na maombi 7. Mpe wiki moja kwa kila kipande, jumla wiki 8, mkiisali yote kila siku kama kawaida lakini mkizungumzia kipande kimoja tu. Na mazungumzo yafanyike mchana, mkono ukiwa kazini, si katikati ya sala. Kumkatiza mtoto anaposali ili kumsahihisha neno kunamfundisha kwamba anayesikiliza ni mama, si Mungu.

Tafuta kila neno mahali mtoto anapoliishi. Katika maneno ya Misa kuna "utuopoe maovuni". Watoto wengi hawajui kuopoa, wanaitamka tu. Mpeleke kisimani. Ndoo ikikatika kamba ikazama, mtu hutafuta kulabu, akafunga kwenye kamba nyingine, akaizungusha chini mpaka ikamate mpini, akaivuta polepole. Huko ndiko kuopoa. Ndoo haijiopoi yenyewe. Mtoto aliyeiona hiyo hatalisema neno hilo tena kwa mdomo mtupu.

Kwenye Biblia ya Union, anayosomea baba yake, kuna "utusamehe deni zetu". Mtoto wa miaka sita ameshatumwa dukani kuchukua sukari kwa mkopo, analijua daftari la mwenye duka. Mwonyeshe maana ya jina la mama kupigwa mstari: tulidaiwa, sasa hatudaiwi. Kisha muulize yeye anamdai nani, labda rafiki aliyemvunjia gari la mabati, na kama yuko tayari kupiga mstari. Atakuambia hayuko tayari. Usimlazimishe jibu, maana hapo ndipo ameanza kusali kweli.

"Mkate wetu wa kila siku" nao uelezwe. Nyumba ambayo kila siku ni ugali, mtoto anaweza kudhani anaomba mikate ya dukani. Union inasema "riziki yetu", na neno hilo watoto wa huku wanalipata upesi. Msaidie kutaja riziki ya leo ni ipi: unga, kisamvu, maji. "Ufalme wako ufike" (au "uje") acha mpaka mwisho, ni gumu kuliko yote kwa mtoto asiyewahi kuona mfalme. Anza na swali hili: nyumba ingekuwaje kama kila mtu angemtii Mungu kuanzia asubuhi hadi jioni?

*Msimu wa korosho ukianza tunashinda shambani, tunarudi usiku, watoto wanasinzia kabla ya kula. Sala ya jioni imekufa. (Baba na mama, Tandahimba)*

Ihamishieni shambani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuwafundisha watoto uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Njia ya shamba ni mahali halali kabisa.

Asubuhi, kabla ya kuanza kuokota, kila mtoto aokote korosho 5 za kwanza. Azivute kutoka kwenye bibo (tunda la mkorosho) moja moja, na kila anapoitupa moja ndooni ataje jina la mtu anayemwombea: mdogo wangu, mwalimu, bibi aliye hospitali, rafiki tuliyegombana, mimi mwenyewe. Majina matano, Amina, kazi inaanza. Dakika 2 hazifiki. Mtoto wa miaka minne anaweza, na mara nyingi ataendelea na ya sita na ya saba bila kuambiwa, mwacheni.

Usiku, mtoto akishajilaza, mzazi mmoja aweke mkono kichwani pake aseme mstari mmoja wa Zaburi 4:8, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Kama ameshalala, semeni hivyohivyo. Msimwamshe asali. Mtoto anayeamshwa ataichukia sala pamoja na taa mliyomwashia.

Jambo moja la msimu huu. Watoto wanasikia wakubwa wakiomba bei ipande mnadani. Si vibaya kuomba, lakini msimwahidi mtoto kwamba mkisali sana bei itapanda, halafu baiskeli itanunuliwa. Mnada ukienda vibaya atabaki na hesabu mbaya juu ya Mungu. Mwambieni: tunamwomba Mungu atutunze, bei iwe kubwa au ndogo.

*Mwanangu wa miaka saba alimwombea bibi yake kila siku apone. Bibi amefariki. Sasa hataki kusali, anasema Mungu hasikii. Nimjibu nini? (Mama, Nachingwea)*

Pole sana, mama, wewe na mwanao. Kabla ya la kusema, kuna matatu ya kuepuka, na yote husemwa msibani kwa nia njema. Usimwambie "Mungu alimpenda zaidi akamchukua", kwa maana mtoto atajiuliza nani anayefuata kupendwa. Usimwambie "bibi amelala", ataogopa kulala. Na mtu yeyote asithubutu kumwambia kwamba hakuomba kwa imani ya kutosha. Hilo linamtwisha mtoto wa miaka saba kifo cha bibi yake.

Sema ukweli mfupi: "Tuliomba. Mungu alitusikia. Bibi hakupona, akafa, na mimi sijui kwa nini. Mimi pia nalia." Kisha mweleze kwamba Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro (Yohana 11:35), na kwamba usiku ule kabla ya kufa aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka (Luka 22:42). Mtoto anahitaji kujua kwamba Mwana wa Mungu aliwahi kuomba kitu na hakukipata, na Baba hakuwa amemwacha.

Hasira yake ni sala pia. Msomee mwanzo wa Zaburi ya 13, ambamo mtu anamuuliza Bwana atamsahau hata lini. Mwambie maneno hayo yamo ndani ya Biblia kwa ajili ya siku kama hizi, naye anaweza kuyasema hivyohivyo alivyokasirika. Asipotaka, keti naye, sali wewe kwa sentensi moja, yeye anyamaze.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi hulipita. Jina la bibi lilikuwa ndani ya sala ya kila jioni. Likitoweka ghafla, mtoto anaona bibi amefutwa. Liacheni pale pale, mbadilishe maneno tu. Wakatoliki wanayo tayari: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani." Wa makanisa mengine washukuru: "Asante kwa bibi aliyetupikia, aliyetuimbia." Siku nyingine mkimwombea mgonjwa, semeni mbele ya mtoto mambo yote mawili: tunamwombea, na asubuhi tunampeleka hospitali.

*Tunaishi na baba yangu mzazi, yeye ni Mwislamu. Watoto wanamwona akiswali na mdogo ameanza kumwiga kwa mchezo. Nimkataze? (Mama, Lindi mjini)*

Mkataze mchezo, usimkataze kutazama. Lugha yetu imekurahisishia kazi: babu anaswali, sisi tunasali. Mweleze kwamba babu anaongea na Mungu kwa utaratibu wa dini yake, kwa hiyo akiwa juu ya msala hakuna kukimbia mbele yake wala kumwita. Na ninyi mkisali jioni, babu naye huwa ananyamaza, sivyo? Mwonyeshe mtoto hilo. Usiidharau dini ya babu hata kwa mguno, maana mtoto ataidharau yako akikua. Akiuliza kwa nini tunasali tofauti, jibu kwamba sisi tunamfuata Yesu, naye alitufundisha kumwita Mungu Baba. Kwa mtoto wa miaka minne hapo panatosha.

*Nimnyime chakula mpaka asali? (Baba, Mtwara mjini)*

Hapana. Wala usimpe sala kama adhabu ("nenda kasali Salamu Maria kumi!"). Akikataa kusali kwa sauti, akae nanyi kimya.

*Bibi anawasalisha kwa Kimwera. Je, watachelewa kujua sala za Kiswahili? (Mama, Nyangao)*

Hawatachelewa. Sala za kukariri wazijue kwa Kiswahili kwa sababu ndizo watakazosali na wenzao kanisani na kwenye jumuiya. Shukrani, maombi na toba waseme kwa lugha inayowatoka bila kutafuta maneno, hata wakichanganya zote mbili ndani ya sentensi moja. Na mwombe bibi aanze yeye, taratibu, kipande kwa kipande, wao wakimfuata.