Filodendroni ya mahameli inataka pa kupandia
Dada, umeuliza kwa nini Philodendron melanochrysum yako, ile filodendroni ya mahameli, mmea wa chunguni wenye majani laini kama kitambaa cha mahameli, inatoa majani madogo yenye kingo kavu ilhali unaimwagilia kila siku. Maji hayo ya kila siku ndiyo ya kupunguza kwanza. Chomeka kidole kwenye udongo; ukihisi unyevu, iache. Mizizi yake haivumilii kutuama majini, kwa hiyo changanya udongo na makumbi ya nazi na vipande vya maganda ya miti upate kupitisha hewa.

Udogo wa majani una sababu nyingine. Kwao Kolombia, kwenye misitu yenye mvua chini ya milima ya Andes, mmea huu hukwea miti mikubwa. Ukiwa mchanga majani ni madogo na yana rangi ya shaba. Kadiri unavyopanda ndivyo yanavyorefuka, hata kupita sentimita 60. Ukiuacha uning'inie, utabaki na majani ya kitoto. Funga makumbi kwenye nguzo imara, uisimamishe chunguni na uyaweke makumbi yakiwa mabichi, ili mizizi ya hewani ishike. Utaona tofauti, nakuhakikishia.

Kingo kukauka mara nyingi ni hewa kavu, hasa chumba chenye kiyoyozi. Usogeze mbali nacho, karibu na dirisha lenye mwanga lakini si jua kali. Vumbi lipanguse taratibu sana, maana ile mahameli ya majani ikichubuka hairudi.

Tafadhali, kama una mtoto anayetambaa au paka, uweke juu. Utomvu wake huwasha mdomo vibaya.