Rambirambi si bajeti ya pilau

Barua za safari hii karibu zote ni za misiba. Naanza na ile iliyoniuma zaidi.

Tumemzika mama. Kamati imemaliza rambirambi yote kwenye chakula, maturubai, sare na mpiga video. Sisi watoto tumebaki na deni la hospitali. Ni haki? (Uyole, Mbeya)

Poleni sana, wanangu. Si haki hata kidogo. Rambirambi ni ya mfiwa, kamati imeshikishwa tu. Siku ya kuanua matanga mapato husomwa jina kwa jina, lakini matumizi yakifika utasikia "mengineyo" na watu wanapiga makofi. Simameni muulize. Mkubwa wa familia ana haki ya kuliona daftari la rambirambi ukurasa kwa ukurasa.

Kwa watakaofiwa kesho, utaratibu uwe huu: kwanza jeneza na kaburi, pili deni la matibabu, tatu usafiri, na kinachobaki apewe mjane au watoto mkononi, mbele ya mashahidi. Chakula kitoke majumbani. Uyole nzima ina viazi, mahindi na maharage. Kila nyumba ikitoa kopo moja la sadolini la nafaka na mzigo wa kuni, msiba unalisha watu siku tatu. Ugali na maharage havijawahi kumvunjia marehemu heshima. Kilichomvunjia mama yenu heshima ni sare zilizoshonwa kwa fedha za dawa zake.

Na hospitali isiwatishe: Wizara ya Afya imekwisha kutamka hadharani kwamba maiti isizuiliwe kwa sababu ya deni. Mnaandikiana namna ya kulipa, mnapewa mwili.

Jeneza ni lazima linunuliwe dukani? (Mafinga)

Hapana. Unaishi Mufindi, kwenye misitu ya Sao Hill, halafu unaagiza jeneza la mjini! Fundi seremala wa mtaani kwako atalipiga kwa mbao za msindano kwa siku moja. Mpelekee kamba iliyopimwa kwenye mwili, utosi hadi unyayo, fundo kila mwisho, na nyingine ya upana wa mabega. Ndani litandikwe shuka jeupe, juu yake kanga au blanketi aliyoipenda mwenyewe. Vipimo vya nje wapewe vijana wanaochimba kaburi mapema, pamoja na vishikio. Nimeshuhudia jeneza la fahari likigoma kuingia kaburini huku mjane anatazama, vijana wakirudia jembe mbele yake.

Tukifiwa nyumbani usiku, tuanzie wapi?

Swali hili mnaliuliza kila mara na jibu halijabadilika. Mwiteni balozi wa nyumba kumi, kisha mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji, mpate kibali cha kuzika. Halafu msajili kifo ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo mirathi haifunguliki, benki haitoi, mafao hayatoki. Mnakumbuka video, cheti mnasahau!

Mwenzetu hajachanga miezi mingi kwenye kikundi cha kufa na kuzikana. Amefiwa. Tumtenge? (Mwanjelwa)

Fedha za mfuko zifuate katiba yenu. Asiyechanga asipewe sawa na aliyechanga. Lakini kuchimba kaburi, kuteka maji, kupika na kukesha havina ada, nendeni. Anayenyimwa jembe leo kwa deni la mchango ana watoto wanaotazama, na hao ndio majirani zenu wa baadaye.

Na kama kikundi kinakopesha, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka msajiliwe, nendeni halmashauri. Fedha isikae kwenye simu ya mweka hazina peke yake.

Mjomba amefia Dar. Ukoo Rungwe unataka aletwe, na mabasi mawili ya waombolezaji. Fedha ni ya kukopa.

Mzikeni Dar, kisha mfanye ibada nyumbani Rungwe. Kama ni lazima aje, lije gari moja na watu wachache. Ni zaidi ya kilometa 800, na mlima Kitonga si wa kupandwa usiku na dereva aliyekesha msibani. Wazee wakidai ng'ombe kwa jina la mila, waambieni ng'ombe wa zamani walitoka zizini. Hawakukopwa kwa riba.

Naweza kuandika nizikwe vipi? (Iringa)

Ndiyo, na uandike mwezi huu. Usiiweke ndani ya wosia, maana wosia husomwa watu wameshatoka makaburini. Karatasi moja inatosha: mahali, aina ya jeneza, kwaya ipi, na kwamba hutaki sare. Saini, nakala moja kwa mtoto, nyingine kwa jirani unayemwamini, kisha uisome kwa sauti mbele ya ndugu zako mkiwa wote wazima.